Pampu ya joto ya bwawa: Ukiificha stoo, imekula kwako

KAMA hujawahi kuingia kwenye bwawa la kuogelea Arusha mwezi wa saba, saa 12 asubuhi, basi kuna aina ya nidhamu ambayo bado hujaijua. Watoto wamesimama ukingoni, mikono imekumbatia mabega, kila mmoja anamwangalia mwenzake nani atangulie. Kocha anapuliza filimbi, hakuna anayeshuka. Anapuliza tena, anajitosa mmoja, anaibuka mdomo wazi lakini sauti haitoki. Kipimajoto kilichofungwa kwa kamba kwenye ngazi kinasoma nyuzi 19.

Hapo ndipo mkasa huu unapoanzia. Kazi yangu ni kuandika michezo, lakini kwenye bwawa hilo la shule nilikuwa mzazi tu, tena mzazi niliyejikuta kwenye kamati kwa sababu siku ya kikao nilichelewa, na mwenye kuchelewa hana kura. Mwezi wa tatu kikosi chetu kilikuwa na watoto zaidi ya 30. Ilipofika mwezi wa saba, kocha alikuwa anawahesabu kwa vidole na vidole vinabaki.

Tukachangishana. Tukanunua mashine mbili za kupasha maji, zile zinazoitwa pampu za joto. Kisha, kwa kosa moja ambalo kamati nzima tulilipigia makofi, tukapoteza msimu wote wa baridi. Kosa lenyewe halikuwa kwenye mashine. Lilikuwa mahali tulipoziweka.

Nayaandika haya kwa sababu Arusha haiko peke yake. Iringa, Mbeya, Njombe, Lushoto, na ng'ambo ya mpaka Nairobi, Nakuru na Eldoret, kote huko kuna mabwawa ya shule, ya hoteli na ya klabu ambayo kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane yanageuka mapambo. Watu wakichoka, wanatafuta mashine. Na wengi wanaanza na swali la bei, wakati swali la kwanza lilitakiwa kuwa: utaiweka wapi?

NYUZI 25 HADI 28

Shirikisho la kimataifa la michezo ya majini, World Aquatics, linataka maji ya bwawa la mashindano yawe kati ya nyuzi joto 25 na 28. Hiyo siyo anasa ya wazungu. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya zaidi ya mara 20 kuliko hewa yenye nyuzi hizo hizo. Ndiyo maana nyuzi 19 za hewani unavaa sweta unatembea, lakini nyuzi 19 za majini zinakutoa meno nje.

Mtoto mwembamba wa kilo 30 anapoa haraka kuliko kocha aliyesimama juu na jaketi lake. Misuli ikipoa, mkono unakuwa mzito, pumzi zinakatika, mtindo unaharibika. Anaogelea ili atoke, siyo ili ajifunze. Mazoezi ya saa moja na nusu yanaishia dakika 25, na hizo 25 zenyewe nusu yake ni kubembelezana.

Sasa mpeleke mtoto huyo Dar es Salaam kwenye mashindano, apangwe mstari mmoja na mwenzake ambaye maji ya bwawa lake hayajawahi kumtetemesha tangu azaliwe. Mmoja amefanya mazoezi miezi 12, mwingine miezi tisa. Kwenye mita 50 mtindo huru watu wanaachana kwa sehemu ndogo za sekunde. Miezi mitatu ni pengo kubwa mno.

Na tusidanganyane kwamba watu wa nyanda za juu hawana kipaji cha maji. Mkenya Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, alifika fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na kumaliza wa tano. Watoto wapo. Wanachokosa ni maji ya kukaa ndani yake.

FRIJI ILIYOGEUZWA

Ili uelewe kwa nini mahali pana uzito kiasi hiki, lazima kwanza uelewe mashine yenyewe inafanya nini. Kiukweli sisi kwenye kamati hatukuelewa, na ndiyo iliyotuponza.

Pampu ya joto haitengenezi joto. Inalihamisha. Weka mkono nyuma ya friji ya nyumbani, utasikia joto. Lile joto limetolewa kwenye nyama na soda zilizomo ndani, likatupwa nje. Pampu ya bwawa ni mchezo ule ule, ila inalitoa joto kwenye hewa ya nje na kulitupia kwenye maji.

Feni kubwa inavuta hewa na kuipitisha kwenye koili ambayo ndani yake mna gesi iliyo baridi kuliko hewa hiyo. Gesi inanyonya joto. Kompresa inaibana, inazidi kuwa ya moto, halafu inapelekwa pembeni ya bomba la titani ambamo maji ya bwawa yanapita. Joto linahamia kwenye maji. Hewa inatoka imepoa, maji yanatoka yamepata vuguvugu kidogo, mzunguko unaanza tena.

Faida yake iko kwenye LUKU. Hita ya kawaida ya waya, ile kama ya birika, inakula uniti moja ya umeme na kukupa uniti moja ya joto, basi. Pampu ya joto kwenye hewa ya vuguvugu inakula uniti moja na kukupa nne hadi sita, kwa sababu nyingine imeziokota bure hewani.

Chukua bwawa letu: urefu mita 25, upana mita 10, kina cha wastani mita 1.4. Hizo ni mita za ujazo 350. Kulipandisha nyuzi moja tu kunahitaji uniti 407 za joto. Kutoka nyuzi 20 hadi 26 ni kama uniti 2,440, hapo hujahesabu joto linalopotea usiku. Kwa hita ya waya, uniti zote 2,440 unazinunua. Kwa pampu inayorudisha tano kwa moja, unanunua kama 490. Tofauti hiyo ndiyo iliyotufanya tuchange.

Lakini hesabu hiyo ina sharti. Mafuta ya mashine hii ni hewa. Ikipata hewa mpya kila sekunde, inakulipa. Ikikosa, inakula umeme na haikupi kitu.

STOO ILIYOGEUKA BUCHA

Kikao cha mahali pa kuziweka kilichukua dakika kumi. Mzazi mmoja aliogopa wezi wa shaba. Mwingine akasema zitapiga kelele. Wa tatu, mama mwenye sauti yake, akasema zitaharibu sura ya bustani. Nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo palikuwa na stoo ya tofali, mlango wa chuma, kidirisha kimoja cha juu. Kila mtu akaitazama ile stoo kama mchumba aliyeletwa na Mungu.

Fundi, kijana mpole tu, aliinua mkono.

"Wazee wangu, samahani. Hii mashine inataka uwazi."

Mzee mmoja wa kamati akamjibu, "Mwanangu, wewe funga. Mambo ya ulinzi tuachie sisi."

Fundi akafunga. Tukapiga makofi, na mimi nikiwemo.

Siku ya kwanza maji yalipanda nusu nyuzi, wazazi tukapigiana simu. Siku ya pili kipimajoto hakikusogea. Siku ya tatu mlinzi akaja kwa kocha akiwa na mshangao: mbona stoo ina baridi kuliko nje? Tukaenda, tukafungua mlango. Koili zote mbili zilikuwa nyeupe kwa barafu. Sakafu ilikuwa imelowa. Mashine zinaunguruma, zinasimama, zinayeyusha barafu yao, zinaanza tena. Nje kulikuwa na nyuzi 17. Ndani ya stoo, nyuzi 6. Ungeweza kuning'iniza mbuzi.

Maelezo ni mepesi mno, unajionea aibu. Hewa inayotoka kwenye pampu imepoa nyuzi kadhaa kuliko ilivyoingia. Ukiwa nje, inapeperuka na kupotea. Ukiwa stoo, inagonga ukuta, inarudi nyuma, inavutwa tena, inapozwa tena. Kila mzunguko inazidi kuwa baridi, na kadiri hewa inavyopoa ndivyo mashine inavyopata joto kidogo la kuokota. Koili ikishuka chini ya sifuri, unyevu wa hewani unaganda juu yake, na barafu inaziba hata ile njia ndogo iliyobaki. Ni sawa na kumfunga mkimbiaji blanketi usoni halafu unamwambia akakimbie mita 5,000.

Zaidi ya hapo, stoo hiyo ndiyo tuliyokuwa tunawekea ndoo za klorini. Mvuke wa klorini unakula chuma na shaba taratibu. Tungeziacha humo mwaka mzima, nadhani tungezitoa kwa koleo.

Fundi hakusema "niliwaambia". Aliuliza tu, "Tutoe ukuta au tutoe mashine?" Ila mfuko ulikuwa umekauka. Pesa ya kumwaga zege jipya, kuhamisha mabomba na kuvuta waya ilipatikana mwezi wa tisa, jua likiwa limesharudi lenyewe. Mmoja wa wasichana wetu wazuri wa mtindo wa mgongo alihamia netiboli msimu ule. Anaipenda. Hajarudi.

MAHALI PENYEWE

Mara ya pili tulikaa chini na fundi, tukamsikiliza. Kitabu cha mashine yako kina vipimo vyake na hicho ndicho cha kufuata, lakini mambo ya msingi ni haya.

Mashine ikae nje, pawazi. Upande inaovuta hewa uachiwe angalau nusu mita hadi ukuta. Upande inaotolea hewa uachiwe mita mbili na nusu hadi tatu bila ukuta, ua wala gari la mwalimu mkuu. Kuna aina zinazotolea hewa juu; hizo zisiwekwe chini ya paa la chini. Ukiwa na mbili kama sisi, hakikisha moja haimpulizii mwenzake baridi mdomoni. Na acha nafasi ya fundi kuchuchumaa na kufungua bodi, maana siku ya matengenezo itafika tu.

Kisha pima umbali kutoka kwenye maji. Viwango vya kimataifa vya umeme vinaugawa ukingo wa bwawa katika maeneo ya hatari yanayofika hadi mita 3.5 kutoka kwenye maji, kwa hiyo kaa nje ya mstari huo. Lakini usikimbilie mbali mno nako. Kila mita ya bomba inakula presha na inapoteza joto ardhini. Karibu na chumba cha pampu na filta, ndani ya mita saba au nane kutoka bwawani, ni sehemu nzuri. Ukilazimika kwenda mbali zaidi, ongeza unene wa bomba na ulivike sponji.

Suala la upepo tulilimaliza kwa kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye kijiti. Tulimwomba mlinzi akitazame kwa wiki moja, asubuhi, mchana na jioni, atuambie kinaelekea wapi. Mdomo wa kutolea hewa usielekezwe kwenye upepo unaovuma mara nyingi, kwa sababu upepo huo utairudisha hewa baridi kule ilikotoka.

Angalia juu. Kama paa la mabati linamwaga maji hapo mvua ikinyesha, sogea au weka mfereji. Kama kuna mti unaopukutisha majani, jua koili itakuwa inasafishwa kila Jumamosi. Penye jua la mchana ni bora kuliko kwenye kivuli cha kudumu, maana hewa inayozunguka hapo ina joto zaidi.

Angalia na jirani. Feni na kompresa zina mngurumo. Kila unapouzidisha umbali mara mbili, kwenye uwazi sauti inapungua kwa desibeli 6 hivi, kwa hiyo kutoka mita tatu hadi sita kuna nafuu ya kweli. Usiielekeze kwenye kona ya kuta mbili. Kona inafanya kazi kama spika.

Na wezi? Ile hofu ya mzazi wa kwanza ilikuwa ya haki kabisa. Jibu lake ni kizimba cha nondo na wavu wa matundu makubwa, chenye mlango na kufuli, kilichojengwa kwa kuheshimu zile nafasi za hewa. Wavu unazuia mkono wa mwizi, hauzuii hewa. Kilitugharimu pesa kidogo kuliko tulivyodhani, na yule mama wa bustani akapanda maua kwa nje, mbali na mdomo wa feni.

ZEGE, MABOMBA NA MCHEPUKO

Mashine haiwekwi kwenye nyasi wala juu ya tofali mbili za kuazima. Mimina zege lililonyooka, liinuke sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini ili maji ya mvua yasiifikie. Chini ya miguu ya mashine weka raba nene za kunyonya mtikisiko, vinginevyo mngurumo utasafiri kwenye zege hadi darasani. Wakati wa kuisafirisha isimame wima. Kama ililazwa kwenye gari, isimamishe na uiache siku nzima kabla ya kuiwasha, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Kisha kuna tukio ambalo litakupandisha presha: utaona maji yanatiririka chini ya mashine. Wazazi wetu watatu walinipigia siku moja, wote na sentensi moja, "Inavuja!" Mara nyingi haivuji. Ni unyevu wa hewa umegeuka maji kwenye koili ya baridi, kama jasho la chupa ya soda. Kuhakikisha ni rahisi. Zima mashine lakini acha pampu ya maji ya bwawa iendelee kuzunguka. Yakikauka baada ya muda, lilikuwa jasho. Yakiendelea, muite fundi. Au chovya karatasi ya kupimia klorini: jasho halina klorini, maji ya bwawa yanayo. Mashine kubwa inaweza kutoa lita kadhaa kwa saa, kwa hiyo liwekee bomba la kuyapeleka kwenye mtaro.

Mpangilio wa mabomba una foleni yake na foleni hairukwi. Maji yanatoka bwawani, yanapita kwenye pampu, yanakwenda kwenye filta, yakishakuwa safi ndiyo yanaingia kwenye pampu ya joto, na mwisho kabisa ndipo panawekwa kifaa cha klorini kabla ya kurudi bwawani. Klorini ikitangulia, dawa kali inapita moja kwa moja ndani ya mashine. Na kati ya mashine na kifaa cha klorini weka vali ya njia moja, ili pampu ikizimwa usiku dawa isirudi nyuma kuivizia.

Halafu kuna mchepuko. Ndiyo, mafundi wanauita hivyo hivyo, na kikaoni watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Ni bomba la pembeni lenye koki tatu: moja ya kuingia, moja ya kutoka, moja ya katikati inayoruhusu maji mengine yapite bila kuingia kwenye mashine. Kazi yake ni kupima kiasi cha maji yanayoingia, na pia kuitenga mashine wakati wa matengenezo bila kufunga bwawa zima. Maji yakitoka yana nyuzi moja hadi mbili zaidi ya yalivyoingia, mara nyingi umepatia. Usihangaike kutaka yatoke ya moto. Hiyo ina maana maji yanayopita ni machache na kompresa inateseka. Michepuko mingine siyo dili. Huu ni dili.

UMEME SIYO WA KUBAHATISHA

Hapa pana maji, pana watoto wasiovaa viatu, na pana mashine inayokula umeme mwingi. Hapa siyo mahali pa shemeji anayejua kidogo. Mtafute fundi umeme mwenye leseni.

Mashine iwe na laini yake kutoka kwenye bodi, isichangie na taa za vyoo. Iwe na breka yake, iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja chenye kipimo cha miliampea 30, na iwe na ethi iliyopimwa kwa kifaa, siyo kwa macho. Vyuma vinavyoshikika karibu na maji, kama ngazi na reli, navyo viunganishwe kwenye ethi.

Mashine kubwa zinatumia njia tatu za umeme. Waya zikipishana nafasi, kompresa inataka kuzunguka kinyume, na inaweza kuharibika haraka. Weka kifaa kidogo kinachozuia mashine kuwaka pale mpangilio wa njia unapobadilika au umeme unaposhuka sana. Mwisho, mashine yenyewe huwa na swichi inayohisi mtiririko wa maji. Kama pampu ya bwawa haizunguki, pampu ya joto haiwaki. Usiruhusu mtu aiunganishe moja kwa moja ili "isisumbue". Inasumbua kwa faida yako.

TURUBAI NDIYE KIPA

Ukishamaliza yote hayo ukalala bila kufunika bwawa, umesajili mshambuliaji wa bei mbaya na goli ukaliacha wazi.

Joto la bwawa la nje linapotea zaidi kwa njia ya maji kugeuka mvuke. Kila lita moja inayokwenda hewani inaondoka na joto la kutosha kupoza lita 580 kwa nyuzi moja. Bwawa letu lina uso wa mita za mraba 250. Likipungua milimita 4 tu kwa siku, kina ambacho jicho halikioni, ni lita 1,000 zimekwenda. Hizo zimebeba karibu uniti 680 za joto, yaani kama nyuzi moja na nusu ya bwawa zima. Ule ukungu mzuri unaouona juu ya maji alfajiri ndiyo pesa yako inapanda mbinguni.

Turubai la plastiki lenye viputo vya hewa, likielea juu ya maji kuanzia jioni mpaka watoto wafike, linazuia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Sisi tuliwapangia zamu watoto wenyewe wa kikosi: wawili kila upande, dakika tano, bwawa limefunikwa. Kocha akalihesabu kuwa sehemu ya mazoezi ya mikono. Sharti moja tu: linatolewa lote kabla mtu hajaingia. Turubai lililotolewa nusu ni mtego wa mtoto.

La mwisho ni saa za kuwasha. Tabia yetu ni kuwasha usiku kwa kuwa ndipo baridi ilipo. Ni kinyume. Usiku wa mwezi wa saba Arusha hewa inashuka hadi nyuzi 12 au 13, mashine inaokota joto kidogo. Mchana inafika 21 au 22, na umeme ule ule unakupa joto zaidi. Sisi tunawasha saa 4 asubuhi, tunazima saa 2 usiku, turubai linalinda kilichopatikana. Mashine zetu mbili, kila moja inatoa kilowati 45 za joto na kula kilowati 9 hadi 10 za umeme. Kwa saa hizo kumi ni kama uniti 190 kwa siku wakati wa kupandisha joto. Maji yakishafika kiwango, zinajizima zenyewe na matumizi yanashuka.

FILIMBI MOJA

Mwezi wa saba uliofuata tuliwasha Jumatatu. Maji yalikuwa nyuzi 20. Hakuna aliyempigia mwenzake simu siku ya kwanza, tulikuwa tumeshajifunza adabu. Jumatano yalikuwa 22 na ushee. Jumamosi asubuhi kocha alichuchumaa kwenye ngazi, akavuta kamba, akakisoma kipimajoto, akakirudisha majini bila kusema kitu. Akakivuta tena. Nyuzi 26.

Watoto walifika na majaketi yao kama kawaida, wakasimama ukingoni, mikono imekumbatia mabega. Filimbi ikalia mara moja. Aliyetangulia aliibuka, akageuka nyuma kuwaangalia wenzake, akacheka. Wote wakashuka. Siku hiyo mazoezi yalikwenda saa moja na nusu kamili, na waliokuwa wanatetemeka ni sisi wazazi tuliokaa kwenye benchi.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kununua, kwa shule, klabu au hoteli yako, usianze na duka. Anza kwa kutoka nje na kusimama pale unapotaka kuiweka. Inua uso. Kama unausikia upepo ukipita na kwenda zake, hapo panafaa. Kama unasikia harufu ya stoo, ondoka.

Ile stoo yetu bado ipo. Tunawekea maboya na vibao vya kujifunzia. Kazi hiyo inaiweza vizuri sana.